Nasoma ukurasa mmoja mara tano hakuna kinachobaki, ni uzee au nina tatizo?

Babalao wa Chanika
Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu, wa kukandia pia karibuni ila mkimaliza niachieni na ushauri.

Mimi ni mhasibu msaidizi kwenye duka la vifaa vya ujenzi Kariakoo, umri 43, naishi Chanika. Mwaka huu nikasema ngoja nirudie mitihani ya CPA, ile ya kuwa mhasibu kamili, niliyoitelekeza zamani kwa sababu ya ada na majukumu, nimejisajili masomo mawili tu ya mwezi wa 11, oditi (ukaguzi wa hesabu) na kodi. Shida ni kusoma kwenyewe. Nafungua kitabu, naanza aya ya kwanza, nikifika mstari wa nne akili imeshaondoka, iko kwenye deni la fundi bati, iko kwenye maneno aliyonitupia bosi mchana, nikija kushtuka macho yapo chini ya ukurasa na sijui nimesoma nini. Narudi juu. Hivyo hivyo mara tano. Nikijilazimisha herufi zinaanza kucheza, kichwa kinagonga hapa kwenye paji la uso halafu nasinzia. Juzi nimelala juu ya desa, wife ndo kaja kunitoa kalamu mkononi.

Na shule mimi nilikuwa mtu wa msuli haswa, advansi nakesha na kibatari asubuhi namwaga kila kitu. Sasa sielewi, simu ndo imeniharibu au kuna ugonjwa? Kila usiku nakunywa enaji mbili na bado havipandi.

Chuma cha Pua
Miaka 43, CPA, halafu Chanika. Mkuu akili yako nzima kabisa, tatizo ni ramani hahaha

Mama Kulwa
Kaka usimsikilize huyo. Unalala saa ngapi unaamka saa ngapi?

Babalao wa Chanika
Nafika home saa tatu usiku kama foleni ya Gongo la Mboto imekuwa na huruma, nakula, kitabu nafungua saa nne mpaka saa saba. Kuamka saa kumi na nusu.

Mama Kulwa
Masaa matatu na nusu!! Na hapo katikati una enaji mbili. Mimi ni nesi, nimekesha zamu za usiku miaka kumi na mbili najua ninachosema. Kafeini ya kwenye enaji ukiinywa saa nne, masaa matano baadaye karibu nusu yake bado inazunguka mwilini, kwahiyo hata hicho kidogo unacholala unalala juu juu. Halafu yale unayosoma ubongo unayapanga vizuri ukiwa umelala, wewe unaulisha usiku kucha halafu muda wa kusaga haupo.

Jaribu hivi, ukifika kula lala, saa nne uwe kitandani, amka saa tisa na nusu usome lisaa limoja kabla hujajiandaa. Lisaa tu. Nakuhakikishia litayashinda hayo matatu ya kusinzia. Na kapime damu na sukari maana uchovu unaweza kuwa na mambo mengine nyuma, upungufu wa damu unamchosha mtu kichwa hivyo hivyo.

Tiba Asili Bora
Njoo PM ndugu, nina virutubisho vya ubongo, dozi ya mwezi elfu 85, wanafunzi wengi wamefaulu.

Chuma cha Pua
Wewe si mwezi uliopita ulikuwa unauza za kuotesha nywele?

Miwani Begani
Mkuu Babalao kabla hujajiita mzee wa akili nijibu vitu viwili. Meseji kwenye simu unaisoma ukiishika karibu au unaisogeza mbali? Na mchana kwenye mwanga wa dirisha unasoma vizuri kuliko usiku chini ya taa?

Babalao wa Chanika
Naisogeza mbali ndiyo, mpaka mwanangu wa mwisho ananiigiza. Na mchana ni afadhali sana. Ila mbali naona vizuri tu, namba ya daladala naisoma ikiwa bado kule.

Miwani Begani
Basi hapo pana kitu. Mimi ni mtaalamu wa macho, nimesoma Moshi, na kila wiki napokea watu wa umri wako wanaosema "siku hizi kusoma kunanishinda" wanadhani ni kichwa. Kwenye jicho kuna lenzi, ukiwa kijana ni laini inajikunja ili uone cha karibu, kuanzia kama miaka 40 inakuwa ngumu taratibu na haikunjiki tena vizuri. Mbali unaona fresh, karibu ndo kazi. Sasa wewe unalazimisha jicho masaa matatu, usiku, kwa maandishi madogo ya kitabu cha oditi, lazima paji liume na herufi zicheze. Na mtu akitumia nguvu zote kuziona herufi, ya kuelewa itatoka wapi? Huo siyo ugonjwa, ni kama mvi.

Miwani ya kusomea ya pale barabarani Kariakoo inaweza kukusaidia, sikatai, ila muuza miwani hapimi presha ya macho, na hiyo ikipanda inaua jicho kimya kimya. Nenda hospitali yenye kitengo cha macho, Muhimbili, CCBRT, au ya wilaya yenu uulize.

Mwl wa Zamu
Namuunga mkono mtu wa macho ila kuna kitu hamjakigusa. Hicho kitabu ni cha Kiingereza. Sisi tumesoma msingi Kiswahili miaka saba halafu kidato cha kwanza tukatupwa kwenye Kiingereza, wengi tukajifunza kukariri maneno kama yalivyo. Mwenyewe umesema asubuhi unamwaga kila kitu. Kumwaga siyo kuelewa mkuu, samahani. Fanya jaribio, soma aya moja, funga kitabu, ielezee kwa sauti kwa Kiswahili kama unamwelezea wife. Ukikwama sehemu, ujue akili haikutoroka kwa utoro, ilifika kwenye neno isilolijua ikatafuta pa kwenda.

Na acha kurudiarudia ukurasa. Kuna jaribio la Roediger na Karpicke kule Marekani, 2006, kundi moja walisoma habari wakairudia tena, lingine walisoma halafu wakaandika wanachokumbuka bila kuangalia. Baada ya dakika tano waliorudia walikuwa juu. Baada ya wiki walioandika ndo waliokumbuka zaidi. Kwahiyo kitabu funga, andika, halafu fungua ujisahihishe. Pasti pepa ndo ianze, kitabu kifuate.

Bintijuma
Niongezee la kwangu. Mimi sikuanza ukubwani, tangu la pili mwalimu ananiita "uko wapi", natembea na viatu tofauti, nasahau daftari. Nimekuja kuonana na daktari wa akili nina miaka 31, jambo la kwanza aliloshikilia ni utoto wangu, akataka hata mama aulizwe, kwasababu ADHD, ile hali ya akili kushindwa kutulia kwenye jambo, dalili zake huwa zinaonekana kabla ya miaka 12, haikuangukii tu ukiwa na 43. Kwahiyo kaka kama utotoni ulikuwa unatulia na kitabu, sababu yako iko kwingine. Ila kama umeanza pia kukosa hamu ya kula, vitu ulivyopenda havikufurahishi, siku nzima unajisikia mzito, sema, maana sonona nayo inakula umakini.

Na tafadhali msimeze vidonge vya mtu mwingine eti vya kusomea.

Babalao wa Chanika
Hamu ya kula ipo dada, muulize wife. Ahsanteni, nafanyia kazi.

Babalao wa Chanika
Narudi baada ya wiki tano wakuu, nilikuwa kimya kwasababu nalala saa nne hahaha.

Macho nimepima, nimepewa miwani ya kusomea ya +1.50, presha ya macho iko sawa. Siku ya kwanza nimevaa nikaona hadi vumbi lililoko kwenye kurasa. Kichwa hakigongi tena. Ila niseme ukweli, mawazo kuhama bado yanahama, miwani haijalipa deni la fundi. Kuna mtu kazini akanishauri ile ya dakika 25 unasoma, tano unapumzika, mimi 25 nilishindwa, nikaanza na kumi na simu nimeiacha chumbani kwa watoto, sasa nimefika 20. Enaji nimeacha, wiki ya kwanza kichwa kiliuma balaa.

Mwalimu umeniumiza ila ulisema kweli. Niliielezea ile aya kwa Kiswahili nikakwama sentensi ya pili. Kodi sasa inapanda maana mifano naiona dukani kila siku. Oditi bado ni mlima, wife kaisikia mpaka anajua maana ya materiality, yaani kosa la hesabu likiwa kubwa kiasi gani ndo linajali, kuliko mimi.

Chuma cha Pua
Hongera mkuu. Sasa samahani naomba kuuliza, hiyo kliniki ya macho foleni ikoje? Nina 41, naona siku hizi mkono umekuwa mfupi kwa simu.

Miwani Begani
Wahi saa moja asubuhi. Na ukumbuke ramani.