Makumbusho na wakfu kununua mchoro mmoja kwa pamoja: mkataba uwe na nini?

StooYaPicha: Wakuu, makumbusho yetu na wakfu mmoja wa nje tunataka kununua mchoro wa rangi za mafuta, nusu kwa nusu. Rasimu ya mwanasheria ina kurasa mbili tu: bei, asilimia, na "zamu kwa makubaliano". Kipi kisikosekane?

Msajili: Hiyo "zamu kwa makubaliano" ifuteni leo. Watu hawagombani kwa asilimia, wanagombania siku. Andikeni tarehe, na mseme zamu inaanza lini: mchoro ukitoka kwa mwenzako, ukifika, au ukitundikwa? Siku za safari na za ukarabati zinakatwa kwa nani?

Zamu iwe ndefu. Rangi ya mafuta iliyozeeka ni kavu, kila mtikisiko unaongeza nyufa. Mkusanyiko wa Stieglitz, yaani kazi za sanaa zilizokuwa za mpiga picha Alfred Stieglitz, huhama kila miaka miwili kati ya Chuo Kikuu cha Fisk, Nashville, na makumbusho ya Crystal Bridges, Arkansas. Tena someni hati za zamani kabla ya kulipa. Crystal Bridges walinunua nusu ya umiliki wa mkusanyiko huo kwa dola milioni 30 mwaka 2012 baada ya kesi ndefu, maana mchoraji Georgia O'Keeffe, mjane wa Stieglitz, alipowapa Fisk kazi hizo mwaka 1949 aliweka sharti zisiuzwe.

Wakili_Sanaa: Naongeza mlango wa kutokea. Wakfu ukifilisika, mdai wake anaweza kuifuata ile nusu, na katika nchi nyingi mwenye hisa anaweza kuiomba mahakama iamuru kitu kizima kiuzwe. Kwa hiyo: hisa isiwekwe rehani, mwenzako apewe nafasi ya kwanza ya kununua ndani ya siku zilizotajwa, na bei ikadiriwe na mthamini asiye wa upande wowote. Chagueni pia sheria ya nchi gani itatumika. Hapo kurasa mbili hazitoshi.

Zikiwa picha mbili pacha, kuna njia nyepesi. Zile za mchoraji Mholanzi Rembrandt, za mume na mke Marten na Oopjen, zilinunuliwa mwaka 2016 kwa euro milioni 160. Uholanzi inamiliki ya mume, Ufaransa ya mke, na makubaliano ni kwamba hazitenganishwi.

Kreti: Ripoti ya hali ya mchoro ifanywe mara nne kila uhamisho: kabla ya kufunga, baada ya kufungua, na vivyo hivyo wakati wa kurudi. Picha za mbele, nyuma na kingo, kwa mwanga wa pembeni ili rangi iliyonyanyuka ionekane. Bila hiyo, ikipatikana nyufa mpya kila mtu atasema imekuja nayo. Kreti ikifika isifunguliwe kabla ya saa 24, ipate kuzoea joto na unyevu wa chumba. Bima iwe ya ukutani hadi ukutani, yaani tangu mchoro unapoondolewa ukutani hadi unaporudi, wamiliki wote wawili wakitajwa kwenye hati. Na forodha: mchoro ukiingia kwa kibali cha muda, kibali kisiishe kabla ya zamu.

StooYaPicha: Ahsanteni sana. Na kazi ya video?

Msajili: Inawezekana. Makumbusho ya Tate (London), Whitney (New York) na Centre Pompidou (Paris) yalinunua pamoja *Five Angels for the Millennium*, kazi ya video ya msanii Bill Viola. Ila faili linanakilika, kwa hiyo semeni wazi kama mnaweza kuionyesha wote kwa wakati mmoja, nakala mama inakaa wapi, na nani atalipa kuihamishia mfumo mpya projekta za sasa zikipitwa na wakati. Hilo la mwisho ndilo husahaulika. Hakimiliki nayo hubaki kwa msanii msipoandikiana vingine, hata mabango mtaombea ruhusa.