Kimondo cha Ivuna: mbona kinaitwa kondraiti na hakina kondruli?

Mwanambozi: Wakuu habari zenu. Huku Songwe ukitaja kimondo kila mtu anawaza lile dude la chuma la Mbozi, kumbe kuna kingine kilidondoka Ivuna kule upande wa Ziwa Rukwa, 16 Desemba 1938, ndo nasoma leo. Kinachonichanganya wanasema ni kondraiti (aina ya kimondo cha mawe) ya kaboni kundi la CI, halafu chini kidogo wanasema haina kondruli, zile goroli ndogo za mawe yaliyoyeyuka yakaganda ambazo ndo zimewapa kondraiti jina. Sasa ukondraiti wake uko wapi?

Chimbamawe: Mkuu hapo wanaangalia kemia. Chukua magnesiamu, silikoni, chuma, kalsiamu, piga uwiano wake, CI inalingana na jua kuliko kimondo kingine chochote, ukitoa gesi kama hidrojeni na heliamu ambazo jiwe haliwezi kuzishika. Na hiyo I ni ya Ivuna yenyewe! Kundi zima duniani limebeba jina la kijiji chetu na shuleni hatukuwahi kuambiwa, inaniuma kweli.

Hadubini: Niongezee. Daraja lake ni 1, yaani maji yamekibadilisha mno. Barafu iliyeyuka ndani ya asteroidi mama, yaani lile jiwe kubwa la angani kilikomeguka, madini ya mwanzo karibu yote yakageuka udongo laini, serpentini na saponaiti, humo ndani kuna madini mengine kama magnetaiti (ya chuma na oksijeni), dolomaiti na pairotaiti (ya chuma na salfa). Hiyo magnetaiti ukiiweka kwenye hadubini ya elektroni unaona vipunje vya mviringo vimeshikana kama mayai ya samaki. Na ni laini ajabu, ndugu yake Orgueil, aliyeanguka Ufaransa 1864, kipande chake ukikichonga kilikuwa kinaandika kwenye karatasi kama penseli.

Mwanambozi: Shukrani sana. Na zile chumvi za salfeti zinazoonekana kwenye mishipa ya mawe ya CI? Wengine wanasema zimetoka nazo huko huko juu, wengine wanakataa

Hadubini: Mimi niko na wanaokataa. Mawe haya yanafyonza unyevu, salfaidi, yaani madini ya salfa kama ile pairotaiti, zinaoza taratibu zinakuwa salfeti hata yakiwa kabatini makumbusho. Angalia asteroidi Ryugu, chombo cha anga Hayabusa2 cha Japani kilileta kutoka huko gramu 5.4 Desemba 2020 zikiwa zimefungwa zisiguswe na hewa yetu, madini ni yale yale ya Ivuna ila ile mishipa ya salfeti haipo. Ndo maana makumbusho ya London kipande chao cha Ivuna kimewekwa kwenye naitrojeni, maana kilichookotwa chote ni kama gramu 705 tu, na kikishaoza hakirudi.