Kumzimia bosi wako: kosa ni la nani, na ofisi inaingilia kwa haki gani?

Mleta mada:
Wakuu habari za muda huu. Naileta hii nikijua kuna watu watanicheka mpaka wadondoke, potelea mbali.

Mwaka wa pili huu niko chini ya bosi ambae, niseme tu, namzimia. Sio uzuri, maana kwa uzuri wapo wanaomzidi pale pale ofisini, ni vile anavyosikiliza, ukianza kuongea anafunika laptopu yake anakuangalia mpaka umalize, na kesho akija anakumbuka ulichosema. Nyie mnasikilizwa hivo na watu wangapi? Kwangu nadhani alikuwa wa kwanza, na labda ndo tatizo lilipoanzia.

Nilijishtukia siku nimetumiwa meseji ya maneno matatu, "Asante, kazi nzuri." Nikaisoma asubuhi, mchana nikaifungua tena, usiku niko kitandani nairudia, naiangalia ile nukta ya mwisho kama vile imebeba ujumbe. Kesho yake mwenzangu niliefanya nae ile ripoti ananionesha kitu kwenye simu yake, naiona meseji ile ile, neno kwa neno, na nukta yake. Aisee niliumia. Niliumia kweli kweli, kwa meseji ya kazi! Nikajisemea hapa sasa nimekwisha.

Sijamwambia na sina mpango huo. Ila kilichonifanya nilete mada ni tangazo lililobandikwa ofisini wiki iliyopita: kuanzia sasa ni marufuku bosi kuwa na mahusiano na mtu aliye chini yake moja kwa moja, kama yapo watoe taarifa HR (kitengo cha wafanyakazi), na mmoja wao atahamishwa. Nani, haijaandikwa. Pale kwenye korido watu wakagawanyika, hawa wanasema safi sana, hawa wanasema ofisi inajifanya mzazi wetu, na mimi nimesimama katikati nachangia kwa sauti kubwa kama mtu asiehusika.

Msimamo wangu ni huu, mnipige mawe. Kumzimia bosi sio kosa, hakuna anaejaza fomu kabla ya kupenda. Ila mzigo wa kujizuia ni wa bosi kwanza, hatuubebi sawa kwa sawa, kwa sababu yeye ndo anasaini likizo yangu, yeye ndo anaandika tathmini yangu ya mwaka, yeye akiamua niende semina naenda na akiamua nibaki nabaki. Kwa hiyo sheria ikiwepo imuume yeye kabla yangu. Hilo neno "mmoja wao atahamishwa" ndo silikubali, maana wote tunajua huyo mmoja ni nani. Karibuni.

Mpita Njia:
Kwanza bosi ni me au ke? Na wewe je? Ushauri unategemea hapo.

Pili hizi sheria ni wivu uliovaa tai. Watu wazima wawili, hawajaiba, hawajaua, ofisi inatafuta nini kwao? Mtu anashinda kazini saa nane, saa tisa kwa siku, akitoka hapo yuko njiani kwenye foleni, akifika kwake anaanguka usingizi, mnategemea apendane na nani, na foleni? Bill Gates alikuwa bosi wa kampuni nzima, Melinda akaajiriwa Microsoft 1987, wakaoana 1994. Obama nae kampata Michelle kazini, tena Michelle ndo alikuwa juu yake. Kwa sheria zenu hizi hao wote mngewatimua.

Mleta mada:
Mkuu, bosi ni mtu na mimi ni mtu. Nimeficha makusudi, Kiswahili kimenipa "yeye" ya bure acha niitumie. Weka me, weka ke, ile meseji inabaki na maneno matatu.

Jicho la Tatu:
Mpita Njia hiyo mifano imekula kwako. Obama 1989 alikuja kwenye kampuni ya mawakili ya Sidley Austin, Chicago, akiwa mwanafunzi wa sheria, kibarua cha wakati wa likizo, Michelle akapangiwa kumwongoza. Alipoombwa watoke, Michelle alikataa mwanzoni, aliona haipendezi mtu aliepewa kazi ya kumwongoza mgeni halafu aanze kutoka nae. Yaani aliekuwa juu ndie aliekanyaga breki. Na jamaa alikuwa anarudi zake chuo, hakuna tathmini ya mwaka hapo, hakuna promosheni ya kugombania. Wakaoana 1992. Huo ni mfano wa mleta mada, sio wako.

Gates na Melinda wameachana 2021 ila hiyo siihesabu, ndoa zinavunjika hata za watu ambao hawajawahi kukaa ofisi moja. Mimi najiuliza kitu kingine: enzi zile wakiwa wapenzi, ni meneja gani pale angethubutu kumpa Melinda alama ya chini? Na akipanda cheo kwa jasho lake kabisa, nani ataamini kuwa ni jasho?

Kabati la Mafaili:
Nafanya kazi HR, niwape picha ya upande wa kabati. Hakuna mtu anakuja kwetu kutuambia amependa. Wanakuja wakishaachana. Yakiwa matamu tunayasikia kwenye ngazi kama kila mtu, yakichacha ndo linafunguliwa faili. Na faili likija lina kurasa mbili tatu za mdogo, ameandika mpaka pembeni, halafu mistari minne ya bosi. Bosi anajua mistari minne inamtosha. Kisha linakuja swali kutoka juu, na sijawahi kuona linakosa: "Nani ni rahisi kumhamisha?" Hawaulizi nani kakosea. Bosi ana wateja, ana bajeti, ana timu nzima inayomtegemea. Mdogo ana kiti. Kinahama kiti.

Kwa hiyo tangazo lenu lina tundu, mleta mada hajakosea. Walitakiwa waandike kwamba kinachohama ni usimamizi, tathmini na mshahara wa yule mtu vinapelekwa kwa meneja mwingine na yeye anabaki na kazi yake. Ni karatasi moja tu hiyo.

Ila hii habari ya wivu mkaziulize bodi za kampuni kubwa. Juni 2018 Brian Krzanich, bosi mkuu wa Intel, wale watengeneza chipu za kompyuta, akaachia ngazi kwa sababu ya mahusiano ya zamani na mfanyakazi, ya kukubaliana, ila kanuni zilikuwa zinawakataza mameneja. Novemba 2019 McDonald's wakamtoa bosi wao mkuu, Steve Easterbrook, nae ilisemwa ni ya kukubaliana, baadae kampuni ikachimba ikadai kuna wengine aliowaficha, ikampeleka mahakamani 2020, mwaka uliofuata akarudisha pesa na hisa za zaidi ya dola milioni 105. Septemba 2025 Nestlé wakamwondoa bosi wao mkuu, Laurent Freixe, mwaka mmoja tu kwenye kiti, kwa kuficha mahusiano na mtu aliekuwa anaripoti kwake moja kwa moja. Hawa wawili wa mwisho kilichowamaliza ni kuficha kuliko kupenda.

Mpita Njia:
Hao ni matajiri wakubwa, wakifukuzwa wana pa kuegemea. Mimi naongelea supavaiza wa kawaida ambae mshahara ukichelewa siku tatu na yeye anakopa. Kama wote wawili wamekubali kosa liko wapi? Au hiari siku hizi haina maana tena?

Jicho la Tatu:
Ina maana ila haimalizi ugomvi. Ipo kesi ya Mahakama ya Juu ya Marekani, 1986, ya mwanamke aliekuwa mfanyakazi wa benki, Mechelle Vinson. Alisema meneja wake alikuwa analala nae miaka na miaka, na kwamba alikubali kwa kuogopa kupoteza kazi. Meneja akakana yote. Mahakama ya chini ikasema kama mahusiano yalikuwepo basi yalikuwa ya hiari, kwisha. Ilipofika juu majaji wote tisa wakaona swali limeulizwa vibaya. Sio kama alikubali. Ni kama aliyataka.

Nyie chukueni hayo maneno mawili, kukubali na kutaka, muangalie umbali uliopo katikati. Nani humu anataka kikao cha Ijumaa saa kumi jioni? Hakuna. Lakini tunaingia, tena tunatabasamu, na mmoja wetu anauliza swali ili aonekane. Sasa bosi anaelipwa na hayo matabasamu wiki nzima, siku ukimtabasamia kwa kweli atalitambua vipi? Hana mizani. Na yule asiemtaka kabisa nae anatabasamu vile vile.

Mzee wa Zamu:
Nimesoma kimya kimya toka juu, ngoja niseme ya upande wa pili maana mnaongea kama vile mabosi wametengenezwa kwa zege.

Nimepanga zamu miaka kumi na moja. Kulikuwa na mtu ananizimia. Nilijua. Hakuna bosi asiejua, mtu asiwadanganye. Anabaki mpaka nimalize kazi, anacheka vichekesho vyangu ambavyo hata nyumbani kwangu havichekwi. Sikumgusa, sikumtumia meseji usiku, neno sikumwambia. Nikajiona nimefaulu, nikajipongeza mwenyewe kabisa.

Sasa kuna mama mmoja pale, mtaratibu, hajawahi kulalamika kwa lolote. Siku hiyo akaja na daftari, yale madogo ya kukunja. Kumbe alikuwa anaandika zamu za kila mtu. Akaliweka mezani akaniambia, "Bosi naomba uniangalizie kama nimehesabu vizuri." Wiki nane. Yule mtu wangu kapumzika Jumapili sita. Wengine mbili mbili. Mama mwenyewe moja. Na ratiba zile nilizipanga mimi kwa penseli, nafuta naandika nafuta naandika, nikiamini nagawa sawa. Wallahi sikuwa najua. Mkono ndo ulikuwa unajua, mimi sikuwa najua.

Kwa hiyo mnaponiambia hisia ni siri ya mtu haimdhuru mwingine, mimi nakumbuka Jumapili ile moja. Na alienizimia hana kosa, hakuwahi kuniomba hata siku moja ya mapumziko. Nilichofanya nilimwomba mwenzangu apange zile ratiba badala yangu, nikasingizia macho. Wote wakaamini isipokuwa mama, ambae hakusema kitu, ila daftari aliendelea kuandika mpaka nastaafu.

Mpita Njia:
Duh mzee. Hilo daftari limenikaa kifuani, sijui hata nijibu nini. Sawa, bosi ajizuie, nimekubali nusu. Lakini mwenye moyo wake afanye nini, aung'oe?

Kabati la Mafaili:
Asimwambie bosi akiwa bado chini yake, hilo tu. Watu wanadhani kukiri ni ujasiri. Ukimwambia, kuanzia dakika ile kila atakachokupa kina mashaka na kila atakachokunyima kina mashaka, umemfunga mikono na umejifunga mwenyewe. Akikupa alama nzuri ni upendeleo, akikupa mbaya anakukomoa. Hata akisema hapana kwa heshima zote, kikao cha Jumatatu mtakaa wapi macho?

Jicho la Tatu:
Na kabla hujaita mapenzi, pima kwanza. Dutton na Aron, watafiti, 1974 huko Kanada waliweka dada mmoja mrembo ahoji wanaume wanaovuka daraja la kuning'inia linaloyumba juu ya bonde, na wengine kwenye daraja imara lisilotisha. Akawapa wote namba ya simu. Waliovuka lile linaloyumba ndo waliompigia zaidi. Moyo ulikuwa unadunda kwa daraja, wenyewe wakadhani ni dada. Ule utafiti watu wameubishia kwa miaka na wana sababu zao, ila ofisi ya mwisho wa mwezi naijua, inayumba kuliko daraja. Mleta mada, ulianza kumzimia lini? Siku za kawaida au wakati wa presha?

Mleta mada:
Wakati wa ukaguzi wa hesabu. Wiki tatu tunatoka usiku. Umenimaliza mkuu.

Ila hapana, sio yote ni daraja. Ukaguzi umeisha mwaka jana na bado akifunika ile laptopu mimi nasahau nilikuwa nasema nini. Na nikiwa mkweli hiyo ya mzee imeniharibia usingizi, maana nimeanza kuhesabu na mimi. Semina mbili mwaka huu nimeenda mimi, yule mwenzangu wa meseji hajaenda hata moja. Nilikuwa najua ni kwa sababu najituma. Sasa sijui. Inawezekana kweli ni kujituma, na hicho ndo kinachoniuma, kwamba siwezi tena kujua.

Kuna nafasi imetangazwa kitengo kingine, mshahara ule ule, jengo lile lile, ghorofa ya chini. Nimechukua fomu. Ina sehemu ya saini ya msimamizi wa sasa, kwa hiyo lazima nimpelekee yeye, na juu ya saini kuna mistari mitatu ya "sababu za kuomba uhamisho". Leo siku ya tatu iko wazi. Nikiandika uongo atajua, anasikiliza sana yule. Niandike nini jamani?

Mzee wa Zamu:
Andika "kupanua uzoefu". Akisoma hatauliza.

Mleta mada:
Mzee umejuaje hatauliza?

Mzee wa Zamu:
Mtu wangu aliandika hivo hivo. Nikasaini.