PostgreSQL kwenye kompyuta ya ofisi: kwa haki za msimamizi au bila?

Mkusanya_Takwimu: Habari zenu, wadau. Nahitaji kusakinisha PostgreSQL (programu ya kanzidata) ofisini lakini sina haki za msimamizi. Je, niwaombe watu wa TEHAMA, au nifungue kifurushi cha zip ndani ya folda yangu niendelee na kazi? Naamua kabla ya Ijumaa.

Fundi_Seva: Ndugu, hujasema ni Windows au Linux, wala kanzidata hiyo itatumiwa na watu wangapi. Programu yenyewe haidai haki hizo; kwenye Linux hukataa kabisa kuwashwa na root (akaunti ya msimamizi mkuu), na poti yake ya 5432 (mlango wake wa mawasiliano ya mtandao) hufunguliwa na mtumiaji wa kawaida. Haki zinahitajika unapoisajili kama huduma ili ijiwashe kompyuta inapowaka.

Mkusanya_Takwimu: Ni Windows. Kwa sasa niko peke yangu, ila wenzangu wawili wataunganishwa baadaye.

Dada_wa_Data: Hao wawili ndio wanaobadilisha jibu. Ofisi niliyokuwa zamani, mwenzetu aliweka kanzidata kwenye folda yake binafsi, akawa anaiwasha mwenyewe kwa amri ya pg_ctl kila asubuhi, na idara nzima ikaitegemea. Akichelewa, sote tunasubiri. Mkataba wake ulipokwisha, akaunti yake ilifutwa pamoja na folda yote, na nakala rudufu ilikuwa humo humo. Tulianza kuingiza upya taarifa kutoka kwenye fomu za karatasi, na nyingine hazikupatikana tena. Omba kibali, tafadhali.

Mpenzi_wa_SQLite: Seva ya nini kwa watu watatu? Kanzidata ya SQLite ni faili moja tu, haina huduma wala poti, na haimhitaji msimamizi.

Fundi_Seva: SQLite huruhusu mtumiaji mmoja tu kuandika kwa wakati mmoja, na ukiiweka kwenye folda ya mtandao faili linaweza kuharibika. Kuhusu zip ya PostgreSQL, initdb (amri ya kuandaa kanzidata mpya) isipopewa -A, yaani njia ya kuthibitisha watumiaji, huacha njia ya trust, yaani yeyote aliye kwenye kompyuta hiyo huingia bila nenosiri. Andika -A scram-sha-256 -W ili nenosiri lidaiwe.

Mpenzi_wa_SQLite: Kuandika kwa zamu kwa sehemu ya sekunde hakumchelewishi mtu. Hilo la folda ya mtandao nakubali.

Mkusanya_Takwimu: Basi nijaribu zip kwa data za majaribio huku nikisubiri kibali?

Dada_wa_Data: Kwa majaribio, sawa. Wenzako watakapounganishwa, utahitaji msimamizi afungue 5432 kwenye kinga ya mtandao ya Windows.

Fundi_Seva: Kwanza tuambie: ofisi yenu inaruhusu programu kuendeshwa kutoka kwenye folda ya mtumiaji? Nyingine huzuia.