British Museum au Louvre? Siku ni moja tu

karatasi_nyeupe
Wakuu, nina siku moja ya makumbusho nikiwa Ulaya. Niende British Museum ya London au Louvre ya Paris? Treni sijakata bado.

kasa_mzee
Siku gani ya wiki? Viza ya wapi? Ya Schengen haikuingizi Uingereza, na ya Uingereza haikufikishi Paris. Unataka kuona nini hasa?

karatasi_nyeupe
Jumanne. Viza zote mbili ninazo. Mesopotamia na Misri ya kale.

kasa_mzee
Basi kesi imekwisha. Louvre hufungwa kila Jumanne.

fundi_ramani
Haijaisha, asogeze siku. Louvre Jumatano na Ijumaa huenda mpaka saa 3 usiku. British Museum ni Ijumaa tu, mpaka saa 2:30 usiku. Siku nyingine wanafunga saa 11 jioni. Na pesa: British Museum mkusanyiko wa kudumu ni bure, wakati Louvre tangu Januari 2026 mgeni wa nje ya Ulaya analipa euro 32.

Mimi nasema London. Fika saa 4 kamili asubuhi wanapofungua, anza na chumba namba 4 kwenye Jiwe la Rosetta, lile lililosaidia kusoma maandishi ya Misri ya kale, kabla vikundi havijalizingira. Kisha chumba namba 10, michongo ya Ashurbanipal, mfalme wa Ashuru, akiwinda simba. Mtafute jike aliyechomwa mishale mgongoni: miguu ya mbele bado inasukuma, ya nyuma inaburutwa. Hapo hata hapajai. Halafu panda juu, 55 na 56 kwa Mesopotamia, 62 na 63 kwa maiti zilizokaushwa.

mlango_wa_nyuma
Louvre ina nguzo ya sheria za Hammurabi, mfalme wa Babeli, mita 2.25, bawa la Richelieu, chumba 227. London hakuna mfano wake. Watu wote wanakimbilia Mona Lisa bawa la Denon, kwa hiyo Richelieu utapumua.

fundi_ramani
Nguzo moja kwa euro 32?

tiketi_mkononi
Kinachoharibu siku ni mizigo. Watu hushuka treni St Pancras na sanduku la magurudumu, wanaliburuta mpaka getini, wanapanga foleni, wakifika kwenye ukaguzi wanarudishwa. British Museum haipokei masanduku hayo hata kwenye chumba cha kuhifadhia. Inabidi urudi stesheni ukaliache, urudi tena foleni, na asubuhi yako imeyeyuka. Acha mzigo stesheni kwanza, kisha kituo kimoja tu cha treni ya chini, laini ya Piccadilly, mpaka Russell Square.

kasa_mzee
Chumba 25 usikiruke, kile cha chini cha Afrika. Shaba za Benin zipo, sanamu na vibao vilivyobebwa na askari wa Uingereza mwaka 1897.

mlango_wa_nyuma
Wazirudishe! Ufaransa ilirudisha 26 kwa nchi ya Benin mwaka 2021.

kasa_mzee
Unachanganya mkuu. Zile 26 ni za Abomey, ufalme wa Dahomey, na zilitoka Quai Branly, makumbusho nyingine ya Paris, si Louvre. Shaba ni za Benin City, Nigeria. London wanajificha nyuma ya sheria ya 1963 inayowabana wasitoe vitu vya makumbusho.

mlango_wa_nyuma
Sheria si hubadilishwa na bunge hilohilo?

karatasi_nyeupe
Jamani, nitakuwa na mtoto wa miaka 4 kwenye kigari.

kasa_mzee
Sasa ndiyo unasema?