Wazee wa Hatton Garden: kati ya hizi tatu nianze na ipi?

Mzee_wa_Rimoti: Wakuu nina bando la wikiendi tu. Ule wizi wa Pasaka 2015 mtaa wa vito wa Hatton Garden, London, wale wazee waliotoboa ukuta wa zege wa nusu mita wakabeba vito, umeigizwa mara kadhaa, mi nina hizi tatu: The Hatton Garden Job ya 2017, King of Thieves ya 2018 yenye Michael Caine na sirizi ya ITV, televisheni ya Uingereza, ya 2019. Mi roho iko kwa Caine ila naona anapondwa kila kona.

kibatari77: Ya 2017 pita mbali. Kipindi kile mwizi mwenzao aliyeitwa Basil alikuwa hajakamatwa, wakajitungia kijana mtanashati ndo staringi, na mafia wa Hungary juu. Sasa utamu wa kisa si ni uzee wao jamani?

Binti_Mtoni: Mpe Caine nafasi. Wanaoiponda wanasema haijielewi, mara ichekeshe mara itishe, na kweli mwanzo ni vichekesho vya wazee kisha Jim Broadbent anageuka nyoka, yule baba tuliyemzoea mpole! Mi ndo nilipoipendea hapo, watu wamejuana miaka na miaka, mali ikishaonekana tu wanaanza kuzungukana, huyu anaficha, yule anapiga simu pembeni, hakuna anayemwamini mwenzie.

kibatari77: Sawa dada ila wizi unaisha mapema, kinachobaki ni wazee kugombana kwenye gari.

Binti_Mtoni: Si ndo ilivyokuwa? Polisi waliwategea vinasa sauti humo humo kwenye magari wakawa wanajimaliza wenyewe kwa mdomo 😂

Shemeji_Luton: Nipo huku UK. Brian Reader, mmoja wa wale wezi, miaka 76, alienda kwenye tukio na basi, kwa kadi ya bure ya wazee! Usiku wa kwanza wakatoboa wakakuta kabati la chuma halisogei, yeye akakata tamaa akarudi kwake, wenzie wakarudi na mashine nyingine wakafungua masanduku 73. Kisa chote kiko pale, rafiki kaondoka, je ana fungu au hana? Kwa hilo nachagua sirizi, epi nne, haina haraka. Timothy Spall kama Terry Perkins ni hatari, mgonjwa wa sukari anaenda kuiba na sindano zake, na Perkins halisi alifia gerezani 2018. Caine kwangu bado ni Caine, simuoni Reader.

Binti_Mtoni: Hapo kwa Caine nakubali shemeji. Ila wanavyochomeka vile vipande vya muvi zao za ujanani kule mwishoni, we acha tu.

Mzee_wa_Rimoti: Haya, leo Caine, sirizi bando likibaki. Ya Hungary mtaniambia nyie.

kibatari77: Hatukwambii 😂