Waliokaa New York miaka ya 80, Chinatown ilikuwaje enzi za magenge?

Kiwiko_cha_Doyers

Wakuu habari za majukumu. Jumamosi nilikuwa nazurura Chinatown ya Manhattan, nimepita Mott, nikakata Pell, nikaingia kale kauchochoro ka Doyers kalikopinda kama kiwiko, vinyozi wamejaa na watu wanapiga selfi. Jioni naongea na mjomba kwenye simu, yeye yuko huku tangu 1984, namwambia nilikuwa pale akacheka akasema "enzi zetu hiyo kona husimami kupiga picha, unaulizwa unampiga nani picha". Nikamwambia enhee hebu nisimulie, akabadilisha mada, ndo zake huyo.

Sasa naomba waliokuwepo watoe ubuyu. Mi nayajua majina tu, Ghost Shadows, Flying Dragons. Ni kweli ilikuwa kama sinema au wazee wanaweka chumvi? Na nyie mliokuwa mnabeba boksi migahawa ya kule mliishije nao?

MzeeWaMasufuria

Kijana umenikumbusha mbali. Nimeosha vyombo mgahawa mmoja maeneo ya Bayard kuanzia 1986 mpaka 1990, jina lake siliweki.

Kwanza sinema itoe kichwani. Wale walikuwa watoto. Miaka 16, 17, mkubwa wao 22, nywele zimepulizwa na dryer zikasimama, majaketi meusi, wamesimama mlangoni kwa watu kutwa nzima hawafanyi kitu. Kazi yao ndo ilikuwa hiyo, kusimama. Mott na Bayard ya Ghost Shadows, Pell na Doyers ya Flying Dragons, ukienda huko mashariki Division na East Broadway unakuta Tung On, afu baadae Canal wakaja Wavietnamu wa BTK, yaani Born to Kill, ambao hao hata Wachina wenyewe walikuwa wanawaogopa. Yaani kutoka Mott kwenda Pell ni hatua chache tu lakini kijana wa huku havuki kule, akivuka ameenda kutafuta vita. Mi nilikuwa navuka na gunia la mchele begani mara tano kwa siku. Hakuna aliyeniona. Mtu mweusi kabeba mchele alikuwa kama taa ya barabarani, ipo tu.

Kuna kitu kilinichanganya sana mwanzoni. Kule jikoni wapishi wanaongea Kikantoni, mi neno la kwanza nililolishika ni "gwai", kila saa gwai gwai, na nilishaambiwa gwai ni mzimu na kwamba ndivyo wanavyotuita sisi wageni, mzungu gwai mweupe mi gwai mweusi. Basi kila nikisikia gwai nageuka najua nasengenywa. Kumbe na Ghost Shadows jina lao la Kichina lina gwai humo humo! Miezi mitatu sijui kama wanaoongelewa ni wale wa mlangoni au ni mimi na masufuria yangu hahaha.

Hela sasa. Hawaji na bastola mezani. Wanakuja wanne watano wanakula bata, kamba, kila kitu, wanasaini bili kama wana akaunti benki wanaondoka. Mwaka mpya wa Kichina ukikaribia wanakuja na kale kamti ka machungwa madogo kwenye chungu, kale ka bahati, wanamuuzia bosi kwa bei ambayo ungenunua shamba zima. Mwezi wa tisa keki za mwezi, hivyo hivyo. Na ile bahasha nyekundu, mara nyingine haikuwa dola 100 ikawa 108, kwa sababu 108 ni namba yenye maana kwenye vyama vyao vya siri vya zamani, kwa hiyo bosi akisikia namba tu hana haja ya kuuliza umetumwa na nani.

Kitu kilichonikaa mpaka leo ni kidogo sana. Wakantoni ukimmiminia chai anagonga meza kwa vidole viwili, ndo asante yake, hata mdomo hafungui. Asubuhi wazee wote pale ndani unasikia ko ko ko. Bosi wangu mtu wa miaka 60 alikuwa anawamiminia chai wale vijana kwa mkono wake mwenyewe na hakuna hata mmoja aliyekuwa anagonga. Watoto umri wa wajukuu zake. Anamimina, wanaangalia pembeni. Mi nachungulia kwenye kidirisha cha vyombo, nikasema huyu mzee hela wameshamchukua, sasa hii nyingine wanayochukua ni ya nini.

Anko_wa_Bronx

Dah hiyo ya chai mzee. Mi niliuziwa saa "Rolex" Canal mwaka 89 ikafa kabla sijafika stesheni, sasa ndo najua nilichangia nani

DadaLowerEast

Hahaha Anko, bosi wa BTK David Thai ndo biashara yake ilikuwa hiyo, saa feki, ndo hela ya kulishia vijana wake ilikotoka.

Mi nilikuwa shule ya sekondari Lower East Side kuanzia 1987, baba alikuwa kazini huku, na darasani robo tatu ya watoto wametoka Hong Kong, Guangdong, Vietnam. Nataka niongezee upande ambao Mzee hakuuona akiwa jikoni, wale vijana wanapatikanaje.

Kulikuwa na kijana alikuwa anakaa dawati la mbele yangu, simtaji. Kaja na miaka 13, Kiingereza zero. Mama yake anashona kwenye viwanda vya nguo, analipwa kwa kipande, anarudi saa tatu usiku, baba yuko jikoni mgahawa wa mji mwingine anakuja Jumatatu tu. Kijana ana ufunguo shingoni na basi. Kila siku kwenye treni anapigwa, anaporwa jaketi, na waliomcheka wa kwanza ni Wachina waliozaliwa huku, wale walikuwa wanaona aibu kuonekana naye. Sasa siku moja wanakuja wakubwa wawili getini wanamuuliza nani amekupiga. Baada ya hapo hajapigwa tena. Wanamnunulia chakula, wanampeleka kuangalia video kwenye nyumba waliyopanga, kuna magodoro sakafuni wanalala kumi. Mkubwa anaitwa dai lo, kaka mkubwa, mdogo anaitwa ma jai, farasi mdogo. Farasi mdogo jamani, yaani jina lenyewe linakwambia kabisa kuwa utapandwa na bado mtoto anaona sifa.

Mwaka uliofuata akaanza kuja na pager na hela ya kununulia wenzake pizza, afu akawa haji Ijumaa, afu haji kabisa. Walimu wakaandika mtoro. Mi nilimuona mara moja Mott kasimama mlangoni kama alivyosema Mzee, nikamsalimia kwa jina lake la shuleni akajifanya hanijui. Nilikasirika wiki nzima. Baadae ndo nikaelewa pengine alinifanyia hisani.

Kwa hiyo Mzee usiwachukie sana, na wao walikuwa wanamiminiwa chai kwa hofu hawajui hata wafanye nini na mikono yao.

MzeeWaMasufuria

Sijawachukia mwanangu. Ila mikono walijua kuitumia vizuri tu pale kwenye droo la hela.

Bay_Mkongwe

Mi wa San Francisco naingilia kidogo maana kuna kitu kimoja watu huwa wanakichanganya na magenge, tong. Tong siyo genge. Ile On Leong pale kona ya Mott na Canal kwenye jengo la paa la pagoda, na Hip Sing ya Pell, ni vyama vya wafanyabiashara vya tangu enzi za kina babu. Marekani walipitisha sheria ya 1882 ya kuzuia Wachina wasiingie, wanaume waliokuwa ndani wakabaki bila wake bila haki ya uraia, sasa nani atakukopesha, nani atakuzika, nani atakutafutia kitanda? Tong. Sheria ikafutwa 1943 lakini wakapewa nafasi 105 kwa mwaka nchi nzima, ni kejeli ile. Sheria ya uhamiaji ya 1965 ndo imefungua mlango, familia zikamwagika kwenye mitaa ile ile michache, na watoto anaowasema Dada ndo wakapatikana. Tong walikuwa na nyumba za kamari zinahitaji walinzi, vijana wapo hawana kazi, wakapatana. Ghost Shadows kwa On Leong, Flying Dragons kwa Hip Sing. Mzee wa tong anavaa suti anakula na wanasiasa, kijana anabeba chuma. Ukimuuliza mzee atakwambia siwajui hao.

Huku kwetu ilikuwa Wah Ching na Joe Boys. 4 Julai 1977 waligombana kwenye majengo ya Ping Yuen, chanzo eti biashara ya fataki, kijana wa Joe Boys akauawa. Miezi miwili baadae, 4 Septemba, saa nane na kitu usiku, wakaingia watatu wamefunika nyuso mgahawa wa Golden Dragon barabara ya Washington kuwatafuta wapinzani. Wamefyatua hovyo, watu 5 wamekufa na 11 wameumia, na katika waliokufa HAKUNA hata mmoja wa genge. Wengine watalii tu wamekuja kula. Wapinzani waliolengwa walijitupa chini ya meza wakatoka wazima. Jiji likaweka zawadi ya dola 100,000 kwa atakayesema. Polisi wakaanzisha kikosi maalum cha magenge, baadae wale wauaji wakakamatwa wakafungwa.

Hiyo ndo chumvi unayoulizia kijana. Sinema inakuonyesha mashujaa wanapigana wao kwa wao, kumbe walengwa wanapona wanakufa waliokuja kula tambi.

Kiwiko_cha_Doyers

Asanteni sana aisee, nasoma nikiwa kazini naogopa bosi ataniona. Maswali mawili. Ilikuja kuishaje, maana leo pale naona bibi wanauza mboga tu na vijana wana simu? Na Mzee, wewe hukuogopa? Hukuwahi kuingizwa kwenye mambo yao?

Baharia_Mstaafu

La kuisha nakujibu mimi. Serikali kuu iliacha kuwafuata mmoja mmoja ikaanza kutumia sheria ya RICO, ile ya 1970 iliyotungwa kwa ajili ya mafia, unashtaki genge zima kama kampuni. 1985 wakashtakiwa Ghost Shadows 25 kwa mpigo. Mkubwa wa Flying Dragons, Johnny Eng, mtaani wakimwita Kichwa Kitunguu, akakamatwa Hong Kong 1989 kwa heroini. David Thai 1991, mwaka mmoja baada ya ile ya makaburini Linden, New Jersey, ambapo watu walikuja mazikoni kama waombolezaji na maua mkononi afu wakaanza kuwamiminia risasi BTK. Mazikoni!

Lakini iliyonigusa mimi kama baharia ni Golden Venture. Wakati huo watu wa mkoa wa Fujian, China, ndo wanaingia kwa wingi East Broadway, wazamiaji, mtu anadaiwa kama dola 30,000 ya safari, na genge lao Fuk Ching ndo linashusha watu kwenye meli na kuwafungia vyumbani mpaka ndugu walipe. Sasa sikilizeni, wengi wa wale abiria walikuwa wamekwama MOMBASA. Meli yao ya kwanza, Najd II, iliharibika ikatia nanga pale 1992, wakakaa miezi na miezi, 1993 ndo Golden Venture ikaja kuwachukua ikazunguka nao Rasi ya Tumaini Jema. Kufika New York hakuna wa kuwapokea, kwa sababu Fuk Ching wameanza kuuana wao kwa wao, mwezi wa tano wanne wameuawa nyumbani Teaneck. Mashua za kushushia watu hazikuja. Usiku wa 6 Juni 1993 meli ikapandishwa mchangani Rockaway ikiwa na watu 286, wakaambiwa rukeni muogelee. Maji ya baridi yale. Kumi wakafa.

Picha za asubuhi ile zilikuwa kila televisheni, watu wamejifunika blanketi ufukweni, na baada ya hapo hakuna mwanasiasa aliyeweza kusema ni mambo ya Wachina wenyewe kwa wenyewe. Mkubwa wa Fuk Ching alikamatwa Hong Kong Agosti ile ile. Na kodi za nyumba zikapanda, vijana wakahamia Queens na Brooklyn, hiyo nayo imefanya kazi kubwa kuliko polisi wanavyopenda kukiri.

DadaLowerEast

Mombasa?! Sikuwahi kuijua hii. Duh.

MzeeWaMasufuria

Swali la kuogopa. Niliogopa usiku mmoja tu, 1988 mwezi wa pili, baridi kali, mlango wa nyuma uko wazi natupa takataka. Kijana kapita mbio kaniruka, kaingia jikoni, kafungua pipa la mchele kazamisha mkono mpaka kwenye bega, kautoa mtupu, katoka kwa mlango wa mbele anatembea taratibu kama mteja. Wapishi wanne wanakata vitunguu, hakuna kisu kilichosimama. Funika kombe mwanaharamu apite.

Dakika kumi polisi hao kutoka kituo cha Elizabeth, wako na mkalimani. Wakamuuliza bosi, wakamuuliza kila mpishi mmoja mmoja, kila mtu hajaona. Mkalimani akanipita pale kwenye sinki kama anapita friji. Mimi ndo mtu pekee mle ndani ambaye angeweza kuongea nao bila mkalimani na hakuna aliyeniuliza hata saa ngapi. Sijui ningejibu nini. Nimewaza sana hilo, miaka.

Kesho yake mchana kijana akaja, akala, safari hii akalipa, akapita jikoni akachukua kitu chake kwenye mchele akaniwekea dola 20 juu ya sahani chafu.

Kiwiko_cha_Doyers

Ukazifanyia nini mzee?

MzeeWaMasufuria

Nilinunua viatu vya mpira. Ile sakafu ilikuwa inateleza balaa.